Kujitolea Civil Air Patrol: kuanzia ziara ya kwanza hadi kiti cha dirishani

Ndugu zangu tunaoishi Marekani, wengi wetu tukisikia kwamba Jeshi la Anga lina chombo saidizi cha raia hudhani ni lazima mtu awe rubani au askari. Sivyo. Civil Air Patrol iliundwa tarehe 1 Desemba 1941, siku sita kabla ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, na tangu 1948 inatambuliwa kisheria kuwa msaidizi wa Jeshi la Anga. Wanachama wake ni raia wa kujitolea, hawalipwi mshahara wala hawapelekwi vitani.

Hatua ya kwanza ni kutembelea kikosi, tena zaidi ya mara moja kabla ya kujaza fomu, kwa sababu kuna vikosi vya makadeti (wanachama vijana), vya watu wazima na vya mchanganyiko. Mimi nilikimbilia kilicho karibu na nyumbani, nikakuta shughuli zake zote ni za vijana, ilhali nilichotaka ni kutafuta ndege zilizopotea.

Hatua ya pili ni fomu na alama za vidole, ambazo hutumika kukagua kumbukumbu za jinai za mwombaji mtu mzima. Uwe raia au mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu. Vidole vyangu vilikuwa vimechubuka kwa kubeba maboksi ghalani, alama zikatoka hafifu, nikarudia.

Hatua ya tatu ni masomo ya awali: usalama, ulinzi wa watoto, na mfumo wa uongozi wakati wa dharura.

Hatua ya nne ndiyo iliyonileta, yaani mafunzo ya mwangalizi, anayeketi nyuma ya rubani na msaidizi wake katika ndege ndogo aina ya Cessna. Ukiwa huko juu hupitishi macho kama anayetazama mandhari. Unayasimamisha mahali kidogo, unayasogeza, unayasimamisha tena, kwa kuwa ndege iliyoanguka mara nyingi haifanani na ndege. Unatafuta miti iliyokatika vilele, majani yaliyoungua, au kitu kinachometa pasipostahili, na ukikiona unasema mara moja kilipo kwa kufuata tarakimu za uso wa saa, pua ya ndege ikiwa kwenye 12: "Saa tatu, chini," yaani kwenye tarakimu 3, upande wa kulia. Ukisita, ndege imeshapita.

Maswali ya wanaotaka kujiunga

Swali: Kaka, nina miaka 52 na sijawahi kurusha ndege. Nitapokewa?
Jibu: Ndiyo, dada. Hata usiporuka, redio na timu za ardhini zinahitaji watu.

Swali: Mwanangu ana miaka 13. Je, akijiunga atadaiwa kwenda jeshini?
Jibu: Hapana. Ukadeti huanza miaka 12, na hauna sharti la kuingia jeshini. Mpango wenyewe una safari tano za ndege yenye injini na tano za isiyo na injini, ambazo kadeti halipii.

Swali: Mimi hufuga ndevu. Nitavaa nini?
Jibu: Sare ya mtindo wa Jeshi la Anga ina masharti ya unyoaji na uzito, lakini watu wazima wana sare nyingine, kama fulana ya kola na suruali ya kijivu. Sare unajinunulia, na ada ya mwaka ipo.

Swali: Nikichafukwa tumbo angani?
Jibu: Beba mfuko na umwambie rubani mapema, kabla hujazidiwa, ili anyooshe ndege, kona zile za mfululizo ndizo zinazoutibua moyo.