Namna ya Kuongoza Usomaji wa Riwaya Zinazokumbuka Demokrasia ya Hispania

Mwongozo huu unamlenga mwalimu au kiongozi wa kikundi cha wasomaji mjini Tabora. Hispania inafaa kwa somo la kumbukumbu ya taifa, kwa kuwa wanasiasa wake, walipokuwa wakitoka katika udikteta, walikubaliana kutoyachokonoa ya zamani, na waandishi wakawa miongoni mwa waliokataa kunyamaza.

Anza na ubao kabla ya kitabu. Andika safu ya matukio: vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1936 hadi 1939, kifo cha dikteta Jenerali Franco, aliyeshinda vita hivyo, Novemba 1975, sheria ya msamaha ya 1977, iliyowanufaisha wafungwa wa kisiasa na papo hapo ikawakinga watesi wao wasishtakiwe, katiba, 1978, jaribio la mapinduzi, Februari 1981. Kando yake andika miaka ya kuchapishwa kwa vitabu. Wengi huiruka safu hii ya pili, ilhali ndiyo inayoonyesha ni kizazi gani kilichohitaji kukumbuka.

Kisha someni *Soldados de Salamina* ya Javier Cercas, iliyotoka 2001 na inayopatikana kwa Kiingereza. Inasimulia jinsi Rafael Sánchez Mazas, mwandishi wa Falange, chama cha kifashisti kilichokuwa upande wa Franco, alivyonusurika kupigwa risasi mwaka 1939, na jinsi askari wa upande wa pili alivyomwona mafichoni akamwacha. Waulize wasomaji ni kipi kinachoweza kuthibitishwa, kipi kimebuniwa, na kwa nini msimulizi amepewa jina la mwandishi mwenyewe. Wakati huohuo wajukuu walikuwa wameanza kufukua makaburi ya babu zao waliouawa vitani, na mwaka 2007 ikapitishwa Sheria ya Kumbukumbu ya Kihistoria. Asitokee mtu akadai kwamba riwaya ndiyo iliyozaa sheria. Vyote viwili vilitokana na kiu ileile.

Zoezi la mwisho lifanyike mitaani. Januari 1958 mkutano wa TANU uliofanyika hapa Tabora uliamua chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, licha ya upinzani mkali wa baadhi ya wajumbe. Wasomaji wawaendee wazee waliosimuliwa habari hiyo na wazazi wao, wawaamkie ipasavyo, waombe ruhusa ya kurekodi, kisha walinganishe masimulizi hayo na kitabu cha shule. Pale wazee wawili wanapopingana, yaandikwe maneno ya wote wawili bila kuyasuluhisha.