Tahadhari ya mafuriko ya ghafla: namna ya kuisoma, na wakati wa kutoka

Nchini Uganda, tahadhari ya mafuriko hutaja wilaya: Mbale, Bududa, Kasese. Mlango wako hautajwi. Kazi ya kwanza, basi, ni kujua maji yanayokufikia hunyeshea wapi. Anayekaa kando ya mto Namatala au Nabuyonga mjini Mbale asitazame wingu lililo juu ya paa lake. Atazame kilima cha Wanale na miteremko ya mlima Elgon. Mvua kubwa ikipiga huko, mto unaweza kufurika mjini pasipodondoka tone. Kasese ni vivyo hivyo: mto Nyamwamba hushuka kutoka Rwenzori kupitia Kilembe, na ulileta maafa mwaka 2013 na tena 2020. Bwaise na Kalerwe, mitaa ya Kampala, zina tabia nyingine. Huko maji hutoka vilima vya jirani, mitaro imezibwa na kaveera (mifuko ya plastiki), na muda wa kujiokoa ni mfupi sana.

Utabiri wa msimu unaosema mvua itakuwa juu ya wastani hufaa kwa kupanda mahindi na kuzibua mitaro, lakini hauonyeshi usiku wa kuhama. Ule wa saa 24 ndio wa kufuata. Usiutegemee msimu wa Machi hadi Mei peke yake pia: mafuriko yaliyoua watu Mbale mwaka 2022 yalikuja mwishoni mwa Julai.

Ukiona milimita, zigeuze ziwe lita. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, hivyo milimita 50 juu ya paa la mita 6 kwa 8 ni lita 2,400, yaani jerikani 120 za lita 20. Sasa fikiria mlima mzima. Ikiwa mvua imenyesha siku tatu mfululizo, udongo umeshiba na karibu yote hayo yatateremka. Angalia pia tarehe na saa. 21:00 ni saa tatu usiku. Ujumbe wa WhatsApp usio na tarehe mwulize mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kabla ya kuusambaza, ila mto ukiwa tayari unapanda, usingoje jibu la mtu.

Jambo linalookoa watu ni alama ya kutokea: maji yakiifikia, mnaondoka. Wengi huiweka kizingitini mwa nyumba, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu maji yakifika kizingitini njia ya kutokea imekwisha kukatika. Tembea njia yako ya kupandia mlimani, pamoja na watoto na wazee, usiku, kwa tochi. Tafuta mahali pa chini kabisa katika njia hiyo, kisha hesabu muda mnaotumia kutoka nyumbani hadi kupavuka. Ikiwa ni dakika 20, chora mstari wa rangi kwenye nguzo ya daraja au jiwe kubwa, chini kiasi kwamba maji yakiugusa bado mna angalau dakika 40 kabla ya mahali hapo kufunikwa. Yakigusa, mnatoka, hata kama jirani anacheka. Usiku wa tahadhari mmoja akeshe kwa zamu, simu isizimwe sauti, na mfuko wenye vitambulisho, dawa na tochi ukae mlangoni.

Kuna dalili zisizongoja mstari: maji kugeuka tope ghafla, magogo kuelea, ngurumo kutoka juu. Iliyo mbaya zaidi huwadanganya watu: mto kupungua huku mvua ikiendelea. Huenda maporomoko yameuziba juu, na kizuizi hicho kikipasuka maji yote huja kwa mkupuo. Panda ubavuni mwa bonde, usikimbie kufuata mto. Ukiona aliyezingirwa, piga 999 au 112.

Usivuke. Sentimita 15 za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 husogeza gari dogo, na 60 hubeba magari mengi. Boda boda hata tusiijadili. Maji ya tope pia huficha kalvati iliyokwisha kuondoka.

Swichi kuu ya umeme izimwe tu ukiwa umesimama pakavu. Baada ya maji kupungua, usirudi siku hiyo hiyo kwenye mteremko wenye nyufa mpya. Hesabu kila kisima kuwa kimeingiwa na choo: chemsha maji yatokote dakika 1, au dakika 3 kama unakaa juu ya mita 2,000.