Moto wa Shamba Mwanzoni mwa Kiangazi: Usiuamini Utulivu wa Asubuhi

Utabiri wa hali ya hewa unapotangaza joto la mapema, hewa kavu na upepo mwanzoni mwa kiangazi, wakulima wengi husoma tarakimu moja tu, ile ya joto. Kisha hutoka nje saa moja asubuhi, hukuta hewa imetulia na majani hayatikisiki, na papo hapo huwasha mabaki ya mazao ili wamalize kazi kabla ya jua kuwa kali. Nia ni njema, lakini hesabu imekosewa, na kosa hilo huteketeza mazao yaliyosimama, mazizi na misitu ya majirani. Kwamba mabaki yaliyoachwa kuoza ardhini yana faida kuliko majivu mmeshaelezwa, na bado ningependa mngefuata njia hiyo. Makala hii ni kwa yule ambaye ameamua kuchoma.

Utulivu wa asubuhi hauna maana kwamba siku hiyo haina upepo. Usiku ardhi hupoa, na hewa baridi hulala karibu na udongo huku upepo ukiendelea kuvuma juu yake bila kushuka. Jua likishaipasha ardhi joto, kwa kawaida kati ya saa nne na saa sita mchana, hewa ya chini huanza kupanda na kuchanganyika na ile ya juu, na upepo uliokuwa juu hushuka shambani. Mkulima aliyewasha saa moja asubuhi huwa bado ana moto mkononi saa hizo. Amewasha katika saa inayoonekana nzuri kuliko zote na kuupeleka moto wake moja kwa moja kwenye saa mbaya kuliko zote.

Unyevunyevu wa hewa nao hufuata mkondo huo huo. Hewa yenye nyuzijoto 18 na unyevunyevu wa asilimia 70 asubuhi, ikipanda hadi nyuzijoto 32 saa nane mchana bila kuongezewa wala kupunguziwa mvuke, hubaki na unyevunyevu wa takriban asilimia 30. Nyasi kavu na majani membamba huifuata hewa hiyo kwa muda wa kama saa moja tu, kwa hiyo nyasi zilizokuwa na umande na kukataa kushika moto asubuhi huwa tayari kulipuka mchana. Kwa sababu hiyo hiyo, mvua ndogo ya milimita 4 au 5 iliyonyesha jana haikupi ruhusa yoyote, kwani saa chache za jua na upepo huifuta.

Someni tarakimu tatu kwa pamoja: joto, unyevunyevu na upepo. Wataalamu wa moto wa misitu hutumia kipimo cha haraka cha 30 mara tatu, yaani joto linalozidi nyuzi 30, unyevunyevu ulio chini ya asilimia 30 na upepo unaozidi kilomita 30 kwa saa, ambapo moto hauzuiliki kirahisi. Nasikitika kuona wapo wanaokitumia kipimo hiki kama kibali, wakisema kwamba upepo wa kilomita 28 bado uko ndani ya mpaka. Hicho ni kipimo cha maafa, si kipimo cha kuchomea shamba. Kwa kuchoma mabaki, ninawashauri msiwashe ikiwa unyevunyevu uko chini ya asilimia 40, upepo unazidi kilomita 15 kwa saa, au utabiri unataja mivumo ya ghafla inayozidi kilomita 25. Upepo ukitolewa kwa mita kwa sekunde, zidisha kwa 3.6. Kumbukeni pia kwamba upepo wa utabiri hupimwa kwenye kimo cha mita 10 juu ya ardhi, hivyo ule mnaousikia usoni ni mdogo kuliko uliotangazwa, na haifai kuubishia utabiri kwa kutumia uso. Mkiwa shambani, vumbi na karatasi zikianza kuinuka, upepo umeshafika kilomita 20 kwa saa.

Saa inayofaa ni kuanzia saa kumi na nusu jioni, wakati joto linashuka, unyevunyevu unapanda na upepo unaanza kulegea, na mchome eneo dogo linaloweza kuisha ndani ya saa mbili, mkiwa na watu wa kutosha kulinda usiku. Hewa iliyokufa kabisa si bora kuliko upepo mwepesi unaovuma upande mmoja, kwa sababu moto usio na upepo wa kuuongoza huenda popote.

Hata hiyo saa ya jioni haitoshi peke yake. Utabiri unaotakiwa kusomwa ni wa siku ya kuwasha pamoja na siku mbili zinazofuata, kwa maana nyasi huungua kwa dakika lakini visiki, samadi kavu na mizizi hushikilia makaa kwa siku kadhaa. Mjini Oakland, Marekani, moto mdogo wa nyasi ulizimwa tarehe 19 Oktoba 1991 na ukadhaniwa kuwa umekwisha. Kesho yake upepo mkali wenye joto uliyaamsha makaa, na watu 25 walikufa. Ikiwa utabiri wa kesho au keshokutwa unataja upepo mkali, basi leo si siku ya kuchoma, hata kama leo jani halitikisiki.

Upepo kubadili mwelekeo ni hatari ya peke yake, na utabiri mzuri huutaja. Moto unaosukumwa na upepo hurefuka, ukawa na kichwa chembamba, yaani sehemu ya mbele inayosonga kwa kasi, na mbavu ndefu. Upepo ukigeuka kwa pembe mraba, ubavu wote huwa kichwa. Ndivyo ilivyokuwa katika jimbo la Victoria, Australia, tarehe 7 Februari 2009, siku ambayo joto la Melbourne lilifika nyuzi 46.4: upepo ulipogeuka jioni, moto ulipanuka ghafla, na siku hiyo iliua watu 173. Kwa hiyo mkanda wa kuzuia moto upande mmoja tu, ule unaoelekea kwa jirani, hautoshi. Uzungushieni shamba lote.

Upana wa mkanda huo uwe mara tatu ya kimo cha nyasi zilizo jirani nao na usipungue mita 4, ukiwa umeparuliwa hadi udongo uonekane. Nyasi zilizofyekwa na kuachwa zimelala chini ni kuni, haziwi mkanda. Penye mteremko, upande wa juu uongezeeni upana mara mbili, kwa kuwa mwendo wa moto unaopanda huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za mteremko, yaani kupanda kama mita 1.8 kwa kila mita 10 za usawa. Takataka mlizoparua zitawanyeni ndani ya shamba, mbali na ukingo, na anzeni kuwasha upande ambao upepo unaelekea ili moto urudi polepole dhidi ya upepo.

Kuhusu kuzima, nawaomba muache kufukia makaa kwa udongo na kwenda nyumbani. Udongo huyahifadhi makaa hayo. Mwagieni maji, geuzeni kwa jembe, mwagieni tena, kisha sogezeni mgongo wa kiganja karibu na majivu bila kuyagusa. Mkisikia joto, rudieni. Fanyeni hivyo kwa mita 20 zote zilizo ndani ya ukingo, usiku huo huo. Kagueni tena alfajiri, moshi mwembamba unapoonekana kwa urahisi, na saa nane mchana kwa siku mbili mfululizo, ambapo joto hufichua makaa yaliyojificha. Majivu yakiwa baridi na hakuna moshi saa nane ya siku ya pili, kazi imekwisha.

Ikiwa mmeshawasha na taarifa mpya ikaja kwamba upepo utafika mapema kuliko ilivyotabiriwa, acheni kuwasha sehemu mpya hata kama nusu ya shamba imebaki, zimeni ukingo ulio upande ambao upepo huo utaelekea kabla ya kushughulikia katikati, na wajulisheni majirani wa upande huo wakati bado mna nguvu juu ya moto, si baada ya kuvuka mkanda.