Nywele fupi nazo zina kazi: ninavyozitunza zangu hapa Tanga

Mwaka wa sita huu nanyoa, na bado wateja wanaokuja kupimwa nguo huniambia, "Dada, wewe umepumzika, kichwa hakikusumbui." Kazi ipo. Nilipokuwa nasuka nilihangaika na nywele. Sasa nahangaika na ngozi. Nywele zikibaki usawa wa ukucha, jua, jasho, sabuni na mashine ya kinyozi vyote vinaigusa ngozi ya kichwa bila kizuizi. Itunze hiyo ngozi kwanza.

Mimi nilinyoa kwa lazima. Nilikuwa nasukwa rasta za kubana hadi usiku silali bila dawa ya maumivu, na pembeni mwa paji la uso nywele zikaanza kurudi nyuma. Mashina ya nywele yakivutwa miaka na miaka hufa, na pale hapaoti tena. Yangu niliyawahi: upande wa kushoto zimejaa, wa kulia bado nyepesi. Ukiona vipele vidogo kwenye mstari wa mbele baada ya kusukwa, usingoje sikukuu ipite. Fumua.

Sasa maji. Nyumba tunayokaa ina kisima na maji yake yana chumvi. Nilikuwa naosha kwa sabuni ya mche, povu halitoki, na kichwa kikikauka kinabaki na weupe. Nikaamini nina mba. Kumbe ni utando wa sabuni iliyoshikana na maji magumu. Siku hizi naosha kwa shampuu, mara moja kwa wiki, na kipindi cha kaskazi joto linapozidi naosha mara mbili. Natumia ncha za vidole, si kucha, kuanzia kisogoni kwenda utosini. Suuza ya mwisho ni ya maji ya bomba au ya mvua niliyokinga, lita moja na kijiko kimoja cha siki. Harufu ya siki huondoka nywele zikikauka. Jasho la katikati ya wiki nalitoa kwa maji matupu, bila sabuni.

Mba wenyewe ni kitu kingine. Magamba yake yana mafuta kidogo na rangi ya manjano kwa mbali, na kichwa kinawasha. Unatokana na fangasi anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta yake, kwa hiyo kumwagia mafuta kichwa chenye mba ni kumlisha. Nunua duka la dawa shampuu yenye ketokonazo, paka, acha dakika tano, suuza. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Lakini ukiona duara lililopukutika nywele, hasa kwa mtoto, hayo ni mapunye. Mafuta ya kupaka hayafiki kwenye shina. Yanatibiwa kwa vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, navyo viandikwe kituo cha afya. Mwanangu wa mwisho nilimpaka vitunguu saumu mwezi mzima, yakaenea. Tulipopata vidonge ndipo yalipokauka. Wakati huo kila mtu nyumbani awe na chanuo lake na kofia yake.

Mafuta: nazi. Mafuta ya nazi huzama ndani ya unywele, yale ya mgando hukaa juu tu. Mimi napika mwenyewe. Nazi tatu kavu, nakuna, nakamua tui zito, nachemsha kwa moto mdogo bila kuondoka jikoni mpaka maji yaishe, mafuta yajitenge na mabaki ya chini yawe ya kahawia. Nachuja kwa kitambaa. Kwa kichwa kifupi nusu kijiko cha chai kinatosha, na napaka nywele zikiwa bado na unyevu, nikipitisha viganja juu ya nywele. Nywele za kipilipili zimejikunja, kwa hiyo mafuta ya asili ya ngozi hayafiki hadi ncha. Ndizo ncha unazopaka.

Usiku nalala na kofia ya satini. Kitenge na kanga ni pamba, pamba hunywa mafuta na kukwaruza nywele, hata zikiwa fupi. Mimi ni fundi, kwa hiyo nimetumia mabaki ya bitana: duara la upana wa sentimita 55, lastiki pembeni, imekwisha. Anayevaa mtandio kutwa nzima ashone kipande cha bitana kwa ndani. Na asifunge kilemba kichwa kikiwa kimelowa.

Kwa kinyozi ndiko wengi wetu wanawake tunakoona haya kusema tunachotaka. Sema. Vitana vya mashine vina vipimo: namba moja huacha milimita 3 hivi, namba mbili 6, namba tatu kama 10. Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo aliyenyoa namba mbili akirudi baada ya wiki tatu anakuta zimezidi mara mbili. Mimi hukaa kitini na kumwambia kijana, "Mdogo wangu, namba mbili, na kisogoni usipitishe wembe." Kipilipili ikikatwa chini kabisa hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, ndipo vinatoka vile vipele vya kisogoni ambavyo vikikunwa na kunyolewa tena vinageuka makovu magumu. Ukiwa navyo, pumzisha mashine mpaka vipone, na vikiendelea muone daktari wa ngozi.

Angalia pia anavyosafisha mashine. Kwanza brashi itoe nywele zote, kisha spiriti, kisha ikauke yenyewe. Kile kisanduku chenye taa ya bluu peke yake hakitoshi, maana mwanga hauui kilichofichwa na uchafu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, na mkwaruzo mdogo unakitosha. Mimi nimenunua mashine yangu, naibeba kwenye mfuko wa kitambaa. Kinyozi wangu hakukasirika hata siku moja.

La mwisho ni rangi, kwa sababu mvi kwenye nywele fupi zinaonekana haraka. Hina ya majani, ile ya unga wa kijani inayotoa wekundu, haina tatizo kwangu. Piko ni jambo jingine: ni rangi ya kemikali, na kichwa kifupi maana yake inagusa ngozi yote. Kabla ya kuipaka, weka tone nyuma ya sikio, liache siku mbili. Ikiwasha au ikivimba, osha na usiitumie tena, hata kidogo, hata siku ya harusi.