Rojo la moto la jibini la kuchovya, kwa wageni wa msimu wa baridi Mbeya

Mwezi wa sita na wa saba hapa Mbeya, ukimkaribisha mgeni jioni kwa soda ya baridi na karanga kwenye kisosi, umemwadhibu. Mwekee katikati ya meza chungu cha rojo la jibini la moto, na viazi na ndizi pembeni, uone kama atakumbuka kuvaa koti aondoke. Mimi hupikia shughuli ndogondogo, vikao vya ukoo, kipaimara, wageni wa Jumapili, na hiki ndicho kitu ninachoulizwa zaidi namna ya kukipika. Wengi walioshindwa wameshindwa kwa jambo moja tu: wamepika jibini, na jibini halipikwi, linayeyushwa.

Mahitaji, kwa watu wanane

Jibini gramu 350. Maziwa nusu lita. Siagi gramu 30, kama vijiko viwili vya chakula. Unga wa ngano vijiko vitatu vya chakula, vilivyosawazishwa. Kitunguu maji kimoja kidogo, kitunguu saumu punje mbili, nusu ya hoho, nyanya moja ngumu, pilipili mbuzi moja, limau, pilipili manga. Chumvi iwe karibu, lakini usiiguse hadi mwisho.

Hatua ya 1: Chagua jibini linaloyeyuka

Hapa ndipo pesa inapopotea, kwa hiyo nisikilize vizuri. Jibini la nyumbani, lile la kugandisha maziwa kwa limau au siki kisha kuchuja kwa kitambaa, haliyeyuki. Uliweke motoni saa nzima, litatoa maji, litakauka, litabaki vipande vilevile. Asidi huishikanisha protini ya maziwa kwa namna ambayo moto hauwezi kuilegeza. Ni tamu kwenye mchuzi wa mchicha, lakini kwa kazi hii liache.

Unalotaka ni jibini lililogandishwa kwa reneti, yaani kimeng'enya cha kugandishia maziwa, na kukomazwa kiasi: Gouda au Cheddar changa, ambazo hupatikana kwenye maduka makubwa ya mjini. Njombe nako kuna kiwanda cha maziwa kinachotengeneza majibini ya mtindo wa Kiitaliano. Ukipita huko chukua lile laini la kukatika kwa kisu bila kumeguka. Mozzarella peke yake hapana, litavutika nyuzi kutoka kwenye chungu hadi kidevuni mwa mgeni. Theluthi moja yake ndani ya mchanganyiko inatosha. Jibini gumu sana, la zamani, la kukwaruza juu ya tambi, nalo hubaki chengachenga.

Kwaruza mwenyewe. Lile linalouzwa limeshakwaruzwa huwa limepakwa wanga ili lisishikane kwenye pakiti, na wanga huo utauona kwenye ulimi. Tumia kikwaruzio cha karoti, tundu kubwa, jibini likiwa bado limetoka kwenye friji. Ukishamaliza, liache juu ya meza lipoteze ubaridi.

Hatua ya 2: Andaa vya kuchovyea kwanza

Rojo halisubiri viazi. Viazi ndivyo vinavyosubiri rojo.

Chagua viazi mviringo vidogo vya Makete au Njombe, vichemshe na maganda yake kwenye maji ya chumvi. Mgeni wa kutoka Dar es Salaam akikusaidia jikoni atasema vimeiva kwa saa ya kwao. Mwambie avichome kisu kwanza. Huku juu, kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana hata maharage yetu yana kiburi. Vikiiva, chuja, virudishe kwenye sufuria tupu juu ya moto dakika moja vikauke. Kiazi chenye maji hakishiki rojo.

Ndizi mbichi za Tukuyu, menya, kata mshazari, kaanga kwenye mafuta ya alizeti mpaka ziwe na rangi. Kwangu hizi zinashinda viazi. Chapati za jana kata pembetatu, zikaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta hadi ziwe kavu za kuvunjika. Karoti mbichi, vipande virefu, kwa wanaojitunza.

Hatua ya 3: Maziwa

Kama ni maziwa ya kupimiwa kutoka kwa mfugaji, yachemshe yapande kabisa, uyaache yapoe hadi yawe vuguvugu, uondoe utando. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya brusela na kifua kikuu, na wageni hawakuja kwa hilo. Ya pakiti yapashe tu.

Hatua ya 4: Siagi, viungo, unga

Sufuria nzito, moto wa wastani. Yeyusha siagi, weka kitunguu maji kilichokatwa vidogo sana pamoja na hoho, mpaka vilainike bila kubadilika rangi. Kisha saumu, nusu dakika. Mwaga unga wote, koroga kwa mwiko dakika mbili. Utaona tope linalotoa povu dogo na harufu kama ya biskuti. Usipofika kwenye harufu hiyo, rojo lote litanukia unga mbichi na hakuna kiungo kitakachokuokoa.

Sasa maziwa, kidogokidogo. Kikombe cha kwanza kitagandamana na kukutisha. Endelea kukoroga, ongeza, koroga. Ukiwa na kipigia mayai cha waya hapa ndipo mahali pake, kama huna tumia uma. Yakiisha maziwa yote, acha uji uchemke polepole dakika tano, uwe unapaka mgongo wa kijiko, na ukipitisha kidole njia yake ibaki wazi.

Unga huu ndio unaolinda jibini. Wanga hukaa katikati ya protini na matone ya mafuta, ukivizuia kila kimoja kwenda na wenzake.

Hatua ya 5: Epua, ndipo uweke jibini

Epua sufuria. Iweke mezani juu ya kitambaa. Subiri mapovu yatulie kabisa, uhesabu dakika nyingine moja.

Mafuta ya jibini huyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi, joto la chini kuliko la mwili wako. Protini ya Cheddar hulegea ikikaribia nyuzi 65. Uji ulioepuliwa sasa hivi una joto la kutosha kufanya kazi yote hiyo, haudai moto zaidi. Ukiuacha uchemke na jibini ndani, protini hujikunja na kukamua kila ilichobeba: mafuta ya njano juu, maji chini, mpira katikati.

Weka konzi moja ya jibini, koroga taratibu kwa mtindo wa namba nane hadi lipotee, ndipo uweke jingine. Usilipige kwa nguvu, linazidi kuvutika nyuzi. Likianza kukataa kuyeyuka kwa sababu sufuria imepoa, iketishe juu ya sufuria nyingine yenye maji ya moto. Kwa wa jiko la mkaa, funika makaa kwa majivu hadi uweze kuweka kiganja juu yake ukasema jina lako na la baba yako bila kukitoa. Moto huo unafaa.

Kamulia kijiko kimoja cha chai cha limau. Si kwa ladha tu. Mwaka 1911 Waswisi wawili, Walter Gerber na Fritz Stettler, waliyeyusha jibini la kwao wakitumia sodiamu sitrati, chumvi inayotokana na asidi ileile iliyomo kwenye limau, na mafuta hayakujitenga. Hapo ndipo jibini la kusindika lilipoanzia. Kutokana na hilo nina ujanja ambao wapishi wenye maringo hawaupendi: vipande viwili vya jibini la kusindika, lile la kufungwa kimoja kimoja kwa plastiki, vikiingia kwenye sufuria vinaleta chumvi hizo na rojo lote linatulia. Ladha yake haisikiki, ulaini unasikika.

Mafuta yakishaanza kujitenga, usiongeze jibini. Ongeza vijiko viwili vya maziwa baridi vilivyokorogewa nusu kijiko cha chai cha wanga wa mahindi, matone ya limau, kisha piga kwa kipigia mayai. Mara nyingi linarudi. Lililokwisha kuwa mpira halirudi, limwagie juu ya viazi uwaite watoto.

Hatua ya 6: Maliza

Nyanya toa mbegu na maji yake, kata vidogo, changanya. Pilipili mbuzi nayo toa mbegu; kama kuna wazee, iweke kwenye kisosi pembeni kila mtu ajichukulie. Pilipili manga. Sasa onja ndipo uamue chumvi. Mara nyingi haihitajiki.

Hatua ya 7: Mezani

Bakuli la glasi kwa baridi ya Julai ni hasara. Rojo litaweka ngozi kabla sala ya chakula haijaisha. Tumia chungu kidogo cha Wakisi, vile vinavyofinyangwa Ikombe, ng'ambo ya Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na kuuzwa hadi masoko ya mjini. Kijaze maji ya moto dakika kumi, mwaga, futa, ndipo umimine rojo. Mimina nusu tu. Nusu nyingine ibaki kwenye hotipoti na utajazia.

Mpe kila mgeni kisahani na kijiko, upawa mdogo ukae kwenye chungu, ajipakulie. Kuchovya wote chungu kimoja kunapendeza kwa watu wa nyumba moja, lakini kwenye kikao cha wakwe kuna anayeng'ata kiazi na kukirudisha, na hakuna mkwe atakayemwambia.

Kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili usikihifadhi. Kilichobaki kwenye hotipoti kitie kwenye friji kikiwa kimefunikwa. Asubuhi kitakuwa kigumu cha kukatika. Kipashe juu ya maji ya moto na maziwa kidogo, au kipake kwenye mkate, ukunje, uubandike kwenye kikaango chenye siagi.