Somo: Duara geni kwenye picha ya redio, limetoka wapi?

Mwaka 2019 Anna Kapińska alikuwa akipitia picha za ASKAP, darubini ya redio yenye sahani 36 huko Australia Magharibi, akakuta duara hafifu asilolielewa. Siku chache baadaye mwenzake Emil Lenc akaona jingine. Yakaitwa ORC (Odd Radio Circles), yaani maduara ya ajabu ya redio. Nitatumia mfano huo, maana njia iliyofuatwa kuyatafutia asili inafaa kwa kioja chochote utakachokutana nacho.

Hatua ya 1. Shuku chombo kwanza. Wengi tunaangukia hapa. Mimi nilikesha usiku mbili nikishangilia pete safi kabisa, kumbe katikati yake palikuwa na chanzo kikali cha redio, na pete ilikuwa kasoro ya kuchakata picha. Kwa hiyo vuta picha kwa mbali, kagua vyanzo vikali vya jirani. Vikiwa navyo vina pete za ukubwa uleule, funga kompyuta ukalale. Wala msinicheke peke yangu: huko Parkes, Australia, kwenye darubini ya mita 64, mipigo iliyoitwa peritoni iliwasumbua wataalamu hadi 2015, walipogundua ni maikrowevu ya kituoni. Mtu akifungua mlango kabla muda haujaisha, mawimbi yanachomoka!

ORC zilivuka kizingiti hiki kwa sababu darubini nyingine, ATCA, nayo ilizikuta palepale.

Hatua ya 2. Tazama palepale kwa jicho jingine. Fungua Aladin Lite, ramani ya anga, kwenye kivinjari, ingiza majiranukta (namba za mahali kilipo kitu angani), kisha badilisha tabaka: DSS kwa mwanga wa kawaida, WISE kwa infraredi. Pete za ORC huonekana kwenye redio tu, ila katikati ya baadhi yake kuna galaksi. Iandike pembeni, tutaihitaji.

Hatua ya 3. Iko mtaa gani wa anga? Mabaki ya supanova, yaani nyota iliyolipuka, nayo ni ya duara, lakini hujazana kwenye ukanda wa Njia Nyeupe, galaksi yetu. ORC zilikuwa mbali na ukanda huo.

Hatua ya 4. Pima mng'ao kwenye masafa mawili tofauti, tuseme megahezi 900 na 2,100. Gesi ya moto, kama ile inayozunguka nyota inayokufa, hung'aa karibu sawa kote. Mng'ao ukiporomoka masafa yanapopanda, hizo ni elektroni zenye kasi kubwa zinazojizungusha kwenye uga wa sumaku. ORC ziko kundi hili.

Hatua ya 5. Umbali. Usiuguse kabla ya hapa. Mistari ya mwanga wa ile galaksi ya katikati ikipimwa imesogea kiasi gani upande wa wekundu, umbali unapatikana. Kwa ORC1 (zimepewa namba), mwanga umesafiri zaidi ya miaka bilioni 5. Angani pete ina upana wa kama dakika 1 ya digrii (moja ya sitini ya digrii), sehemu ya thelathini hivi ya upana wa mwezi. Ukipiga hesabu kwa umbali ule, upana wake unazidi miaka ya nuru milioni 1. Galaksi yetu nzima ingepotelea humo.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Hiyo galaksi haiwezi kuwa imeangukia katikati kwa bahati tu?*
Marahaba. Ingekuwa moja, ningekubali. Lakini ORC1, 4 na 5 zote zina galaksi katikati. ORC2 na 3 hazina, na zenyewe ziko jirani, kwa hiyo huenda ni kitu kingine kabisa.

*Sasa zinasababishwa na nini?*
Mwaka 2024 timu ya Alison Coil, ikitumia darubini ya Keck, ilikuta gesi iliyotikiswa vikali ndani ya ORC4. Wanahisi ni upepo uliotoka wakati galaksi ilipozaa nyota nyingi kwa mpigo. Wengine wanataja mashimo meusi yaliyoungana. Mimi naegemea upepo, ila ORC moja si ushahidi wa zote.

*Mimi nina simu tu, naweza?*
Unaweza, weka bando. Majiranukta ya ORC1 ni 21 03 -62 00. Usisahau hiyo alama ya kutoa! Ukiiacha utatua anga ya kaskazini, karibu na nyota Alderamin, halafu uje kuniambia duara limepotea.