Jinsi ya Kuufuatilia Mtambo wa Kunasa Hewa Ukaa

Anza na bilauri ya maji ya chokaa yaliyochujwa yakawa angavu. Puliza pumzi ndani yake taratibu kwa mrija, ukiangalia sana usiyavute mdomoni, kwa maana yanachoma. Punde maji hugeuka meupe kama maziwa, kwa kuwa hewa ukaa ya pumzi imeungana na chokaa ikawa chembechembe ngumu. Hapo umekwisha kunasa kaboni. Kuitoa tena ndiyo kazi, kwani chembe hizo hazitaiachia mpaka zichomwe kufikia nyuzi 900 hivi za Selsiasi. Ukilishika jambo hilo, kwamba gharama kubwa imo katika kuachilia, mtambo mzima hautakusumbua.

Wahandisi walihitaji dawa inayoshika bila kung'ang'ania, wakaipata katika kemikali za jamii ya amaini, ambazo hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) ya kuzitumia kusafishia gesi ilitolewa Marekani mwaka 1930. Ukiutazama mtambo wa aina hii, fuata kwanza moshi unaotoka kiwandani: hupoozwa hadi nyuzi 40 au 50 na kuondolewa salfa, ambayo huiharibu dawa, kisha huingizwa chini ya mnara mrefu. Dawa hutiririka kutoka juu, ikitambaa kwa utando mwembamba juu ya mabati yaliyokunjwakunjwa, ili ikutane na moshi unaopanda katika eneo pana kadiri iwezekanavyo. Mitambo mingi husanifiwa kunasa takriban asilimia 90 ya hewa ukaa iliyomo.

Dawa iliyoshiba hupelekwa mnara wa pili, ikapashwa moto kwa mvuke hadi karibu nyuzi 120. Huko huitapika hewa ukaa na kurudi kazini. Uliza daima mvuke huo unatoka wapi. Katika kituo cha umeme hukatwa kwenye mvuke ambao ungezungusha tabo, yaani mashine inayoendesha jenereta, hivyo umeme wa kuuza hupungua.

Angalia pia chanzo. Moshi wa makaa ya mawe huwa na hewa ukaa ya asilimia 12 hadi 15, ilhali hewa tunayovuta ina asilimia 0.04 tu, ndiyo maana kunasa angani ni ghali zaidi. Kwa maoni yangu, saruji ndiyo yenye hoja nzito ya kunasa kuliko zote: tanuri lake huchoma mawe ya chokaa, na mawe yenyewe hutoa hewa ukaa hata moto ukiwa wa nishati safi.

Mwisho, fuata bomba. Gesi iliyonaswa hugandamizwa kupita bar 74 (bar 1 ni karibu sawa na kanieneo la hewa ya kawaida), ikawa nzito karibu kama kimiminika, kisha husukumwa chini zaidi ya mita 800, ndani ya miamba yenye vinyweleo iliyofunikwa na tabaka lisilopenyeka. Huko Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwe, kazi hiyo imefanyika tangu 1996. Gesi ikitumiwa kusukuma mafuta yaliyosalia kisimani, punguza katika kiasi kilichozikwa hewa ukaa itakayotoka mafuta hayo yakichomwa. Nchini Aisilandi gesi huyeyushwa majini na kuingizwa katika miamba ya basalti, yaani miamba ya volkano, ambamo sehemu kubwa iligeuka jiwe katika muda usiozidi miaka 2, kwa madini yale yale yaliyoyafanya maji ya bilauri yako kuwa meupe.